Supu ya Siku ya Kuezeka

Nsiah alikuwa na kiwanja kimoja, mke mmoja na dada mmoja, na kwa sababu hiyo akataka nyumba mbili. Nilimwambia siku ile ile kwamba anajitafutia maradhi. Kiwanja chenyewe kilikuwa futi mia kwa themanini, kando ya barabara ya Ejisu, udongo mwekundu mzuri usio na mawe. Kingetosha nyumba moja ya heshima na bustani ya ndizi nyuma yake.

"Jenga moja kubwa," nilimwambia. "Vyumba vinane, ua katikati, kila mtu na mlango wake. Ndivyo wenzako wanavyofanya."

"Na nikifa, Dwomoh?"

"Ukifa utakuwa umekufa. Mimi nazungumzia tofali."

Alicheka, lakini hakubadilisha neno. Alichokuwa akikiogopa kila mwanamume wa kwetu anakijua. Kwetu mali ya marehemu haiwafuati wanawe. Inarudi kwenye ukoo wa mama yake, kwa ndugu zake na wapwa zake. Mke aliyebeba maji ya kujengea nyumba anaweza kufungiwa mlango wake mwenyewe kabla arobaini haijatimia. Nimeyaona hayo mara nyingi, na baadhi ya nyumba hizo nilizijenga kwa mikono hii.

Basi Nsiah akapiga hesabu zake. Nyumba ya mbele iwe ya mkewe Frema na watoto wao. Ya nyuma iwe ya dada yake Boahemaa, ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye aliuza samaki wa kukausha miaka saba ili mdogo wake ajifunze ufundi wa injini za malori. Awape kila mmoja ya kwake angali hai, watu wakiona. Dada akiwa na paa lake, hatalikodolea macho paa la wifi yake.

Ilikuwa hesabu nzuri. Aliikosea mahali pamoja tu, na hapo nitafika.

Kosa la kwanza, hata hivyo, lilikuwa la ujenzi, na hilo nalitaja kwa sababu bado linanikera. Nilimshauri amalize nyumba moja kwanza, ahamie, kisha aanze ya pili. Akakataa. Alisema akianza na ya mbele dada atanuna, na akianza na ya nyuma mke hatampikia. Kwa hiyo tulichimba misingi miwili wiki moja, na tangu hapo kila safu ya tofali iliyopanda mbele, nyingine ilipanda nyuma. Nyumba ambayo ningeimaliza kwa miaka mitatu ilinichukua tisa. Tulianza mwaka sitini na tisa. Nikipita leo barabara ile huwa nawaambia watu kwamba nywele zangu ziliota mvi kati ya kuta zile mbili.

Frema alikuwa akija asubuhi mapema na wanawe kumwagilia tofali zisipasuke. Alibeba maji kutoka kisimani, karai kwa karai, hata alipokuwa na mimba ya yule wa tatu. Hakuwa msemaji. Akiniona nimesimama na mwiko mkononi bila kazi, aliniuliza tu, "Fundi, unasubiri nini?" nami nilijikuta nafanya kazi.

Boahemaa hakubeba kitu. Yeye alikuja jioni kupima. Alivua kandambili, akatembea ukutani kwa unyayo, kisigino kwa kidole, nyumba ya mbele kwanza, kisha yake.

"Dwomoh! Chumba cha huyu kina nyayo kumi na nne. Changu kumi na tatu na nusu."

"Mama, futi zangu ni zile zile. Unyayo wako ndio uliochoka."

"Unanidhulumu kwa sababu mimi ni mgumba."

"Nakudhulumu kwa sababu giza linaingia na nataka kwenda kula."

Siku moja alinifanya nivunje dirisha zima niliinue kwa tofali moja, kisa la Frema lilionekana refu zaidi ukiwa barabarani. Nililivunja. Nilipolimaliza, Frema akaja, akaangalia, akasema kwa upole kwamba sasa la wifi ndilo refu. Siku hiyo nilitupa mwiko kichakani, nikarudi nyumbani, nikakaa siku mbili. Nsiah alikuja kunibembeleza na kola za kutafuna, akiwa na mafuta ya injini hadi masikioni.

Kitu kimoja tu pale kiwanjani hakikuwa viwili, nacho ni shimo la choo. Saruji ilikuwa imeanza kuadimika nchi nzima, unapewa mfuko mmoja kwa kibali kama unapewa dawa, na shimo la pili lingekikaribia kisima. Nikachimba moja kubwa katikati ya ua, mabomba ya nyumba zote mbili yakaingia humo. Wanawake wote wawili walinijia, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia neno lile lile: "Mimi nichangie shimo na huyu?" Niliwajibu wote kwamba kinachoingia humo hakina jina la mtu.

Tuliezeka mwaka sabini na nane. Seremala alikuwa Tawia, bingwa wa kenchi, zile mbao za kubebea bati, ambaye mwaka uliofuata alihamia Abidjan na hajarudi. Asubuhi tulipigilia bati la mwisho la nyumba ya mbele. Nsiah alisimama uani akiwa na shati jipya, akasema kwa sauti, sisi sote tukisikia: "Hii nimempa mke wangu Frema na watoto wake. Ile nimempa dada yangu Boahemaa. Nimesema nikiwa mzima, na akili zangu ninazo."

Mimi na Tawia tulipiga makofi juu ya paa. Frema hakupiga. Alivaa kandambili akatoka mbio, na kabla ya adhuhuri alirudi na mjomba wake, mzee Fokuo, amevaa kitambaa chake cha sherehe kana kwamba alikuwa akisubiri kuitwa. Mkononi alikuwa na chupa ya pombe kali ya shinapsi, ile ya kijani yenye kona nne, na Frema alikuwa na sinia la mayai.

Kwa watu wetu, zawadi bila shukrani si zawadi. Ukipewa shamba, nyumba, hata kitanda, lazima utoe kitu mbele ya mashahidi, nao wakionje. Wakishaonja, mdomo wao umefungwa na kitu hicho. Hakuna anayeweza kuja kesho akasema hajui. Karatasi zinaliwa na mchwa. Chupa iliyonywewa haiwezi kurudi.

Mzee Fokuo alisema maneno yake, Nsiah akapokea, chupa ikazungushwa. Nilionja mimi, akaonja Tawia. Upande wa Nsiah lazima aonje mtu wa ukoo wake, na pale hakukuwa na mwingine ila dada yake. Boahemaa alipokea bilauri, akainywa yote, akafuta mdomo kwa kiganja, akairudisha mbele ijazwe tena.

"Wifi, koo limekauka?" Frema alimtania.

"Vumbi la ujenzi wenu," alijibu, akanywa ya pili.

Kisha wote tukamgeukia yeye. Mzee Fokuo alikohoa. Nsiah akawa anaangalia viatu vyake.

"Mnaniangalia nini?" Boahemaa alisema. "Nimshukuru Nsiah? Huyu nimembeba mgongoni. Mkono wako ukikupelekea tonge mdomoni, unauambia asante? Anayeshukuru ni mgeni. Mimi niko kwetu."

"Mama, mila ni mila," nilimwambia. "Hata chupa ndogo."

"Dwomoh, wewe panga tofali."

Nsiah alicheka, akasema muacheni, ndivyo alivyo. Hapo ndipo hesabu yake ilipokosewa, na aliikosea kwa mapenzi. Alimpenda mno dada yake hata akaona haya kumdai neno la asante.

Alasiri tulikuwa juu ya paa la nyumba ya nyuma. Boahemaa akatoka na sufuria ya supu ya karanga, nyama ya mbuzi ndani yake, na fufu laini la muhogo uliotwangwa, lisilo na hata donge moja. Aliitua chini ya kivuli cha ukuta, akatuita tushuke. Nsiah alikuwepo, Frema alikuwepo. Akatuangalia mmoja mmoja kama mwalimu.

"Kuleni. Na asije mtu akasema hii ni shukrani. Hii ni supu."

Tulikula. Sitamnyima haki yake: tangu mama yangu afariki sijaonja supu kama ile.

Nsiah aliishi nyumba ya mbele miaka mitatu tu. Alifariki mwaka themanini na moja, gerejini, amelala chini ya lori. Wenzake walidhani analegeza nati. Walipomwita mara ya tatu bila jibu ndipo wakamvuta miguu. Nililia kwenye mazishi yake kuliko nilivyomlilia ndugu yangu, na sijui kwa nini. Labda kwa sababu kwa miaka tisa kila siku alikuwa akinipa sababu ya kumkasirikia.

Wiki moja kabla ya arobaini, Frema alikuja kwangu na nguo yake nyeusi. Hakukaa.

"Fundi, ukoo wanakuja. Wifi amesema nyumba ya mbele ni ya kaka yake, na ya kaka yake ni ya ukoo. Amesema nitoke."

"Ana yake tayari!"

"Anasema ya mbele iko barabarani. Anataka kuuzia samaki kwenye baraza." Akahesabu mashahidi kwa vidole. "Mjomba Fokuo tumemzika mwaka jana. Tawia yuko Abidjan. Umebaki wewe."

"Nitasema nilichokiona."

"Watoto wangu hawana pengine," alisema, akaenda zake haraka.

Siku ya arobaini walikuja kweli, na nguo zao nyekundu na nyeusi, wakajaza ua. Mkuu wa ukoo alikuwa Opanin, yaani Mzee, Asumadu, mtu mfupi mwenye kiungulia, ambaye alikuwa akitazama mawingu kuliko alivyotazama watu, maana alikuwa na kakao imeanikwa nyumbani. Karibu yake alikaa Adutwum, mtoto wa dada yao mwingine aliyekufa kabla hata hatujachimba misingi. Huyo ndiye aliyeteuliwa kukalia kiti cha mjomba wake Nsiah, yaani kumrithi. Alikuwa anaishi Accra na alisema kwa lafudhi ya Accra hata akiomba maji.

Boahemaa alisema wa kwanza.

"Mimi sina maneno mengi. Nyumba ya mbele aliijenga ndugu yangu. Ndugu yangu ni wa ukoo huu. Huyu alikuja hapa na sanduku. Achukue sanduku lake."

Watu walicheka. Frema alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na mtoto wake wa kwanza, Akyaa, amesimama nyuma yake. Binti alikuwa akilia wazi wazi. Mama hakulia.

Niliitwa. Nilieleza yote: tamko la Nsiah, mbio za Frema, mzee Fokuo, chupa ya kona nne, mayai, nani alionja. Nilisema taratibu ili nisije nikakasirika.

"Fundi," akasema Asumadu, "kazi hii ulilipwa na nani?"

"Na Nsiah."

"Basi mdomo wako nao umejengwa humo humo. Chupa ya shukrani lazima ishuhudiwe na mtu wa ukoo wa aliyetoa zawadi. Nani wetu aliionja?"

"Huyo hapo," nikasema, nikamwonyesha Boahemaa kwa kidole, jambo ambalo si adabu.

Asumadu akamgeukia. "Boahemaa. Uliionja?"

"Opanin, nimeonja chupa nyingi maishani mwangu," akasema, na watu wakacheka tena. "Hiyo siikumbuki."

"Ulirudia mara ya pili!" Nilikuwa nimesimama bila kujua. "Ulisema vumbi! Vumbi la ujenzi!"

Vijana wawili walinishika mabega wakanikalisha. Asumadu akaangalia mawingu. Nilimwona Frema akiinamisha kichwa, nikajua ameshaihesabu nyumba kuwa imekwenda.

Hapo Adutwum akasafisha koo.

"Mama mkubwa amesema kweli tupu," akaanza. "Vyote ni vya ukoo. Mbele na nyuma. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa kiti cha mjomba, nyumba zote mbili nitazipangisha. Kuna walimu wanatafuta vyumba. Hii ya mbele inaingia familia nne. Ile ya nyuma nne."

"Ya nyuma ni yangu," Boahemaa akasema.

"Mama mkubwa, wewe utarudi Besease, nyumba ya bibi. Kuna chumba."

"Chumba gani?"

"Kile cha upande wa mbuzi."

"Nsiah alinipa nyumba ya nyuma! Alisema mbele ya watu!"

"Alisema," Adutwum akakubali, kwa heshima zote. "Na wewe ulimshukuru kwa kitu gani? Nani alikionja?"

Boahemaa aligeuka kumtazama Adutwum. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu kijana ndiye ambaye Boahemaa alikuwa akimfichia vichwa vya samaki walio bora tangu akiwa mdogo. Akatazama watu wake mmoja mmoja, na kila aliyemtazama alikuwa akifunga vizuri kitambaa chake. Mwisho akanitazama mimi. Sitaficha: nilifurahi. Nilifurahi moyoni na tumboni, nikasema kimya kimya, haya, mama, kapime sasa chumba cha mbuzi kwa unyayo.

Frema akanyanyua mkono.

"Wazee, naomba kusema neno."

"Sema upesi," akasema Asumadu. "Mvua."

"Wifi alishukuru. Siku ya kuezeka alipika supu ya karanga kwa nyama ya mbuzi, akawapa mume wangu na mafundi, mbele yangu. Alisema, hii ndiyo shukrani yangu kwa nyumba."

Nilimtazama Frema nikidhani nimesikia vibaya. Alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, macho kwa mzee.

"Fundi," akasema Asumadu. "Ndivyo?"

Naomba nieleweke. Mimi ni mwashi. Miaka thelathini nimeshika timazi, na timazi hairembi ukuta. Ukuta umepinda au haukupinda. Sijawahi kumwambia mwenye nyumba kuwa ukuta umenyooka kama haukunyooka, hata nilipokuwa na njaa. Na mwanamke yule nilikuwa namchukia, kwa haki. Masikio yangu yalikuwa bado yana sauti yake: hii ni supu.

Lakini Frema aligeuza uso akaniangalia, kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikiwa nimesimama na mwiko bila kazi.

"Ndivyo," nikasema. "Tulikula. Alisema ni shukrani."

Adutwum aliruka. "Opanin, si umesema mwenyewe mdomo wa fundi ni wa kulipwa?"

"Nimesema. Lakini huyu mwanamke," Asumadu akamwonyesha Frema kwa kidevu, "anafukuzwa, naye anamshuhudia anayemfukuza. Ushahidi kama huo mimi sijapata kuuona, na naupokea." Kisha akamgeukia Boahemaa, na kwa mara ya kwanza siku ile aliacha mawingu. "Ila sikiliza vizuri. Kama supu yako ilikuwa shukrani, basi siku ile ulijua kabisa nyumba zinagawiwa, na ulijua shukrani ni nini. Huwezi kuijua ya kwako ukaisahau ya mwenzako. Nakuuliza mara ya mwisho. Ile chupa ya Frema, uliionja au hukuionja?"

Kwa mwanamke yule, kusema ndiyo kulikuwa ni kuyameza maneno yote aliyowahi kuyasema kuhusu mkono na tonge. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kugonga bati, nyumba zote mbili, nami nikawa nasikiliza kama kuna linalovuja.

"Niliionja," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Asumadu alisimama. Mbele ni ya Frema na watoto wake, akasema, nyuma ni ya Boahemaa mpaka afe, na Adutwum ana mashamba ya kakao ya mjomba wake, yanamtosha. Akaenda kuokoa kakao yake.

Nilibaki kukunja viti, maana hasira ilikuwa haijanitoka. Frema alikuwa akiokota vikombe barazani.

"Umenifanya mwongo uzeeni," nilimwambia.

"Umeniokolea nyumba, fundi."

"Yako, sawa, nimeelewa. Asingeikiri chupa yako bila kupewa supu yake. Lakini amekuita mgeni mwenye sanduku! Mbele ya watoto wako! Fadhila ya punda ni mateke, mama, utaona."

Aliweka vikombe chini.

"Shimo la choo ni moja," akasema. "Adutwum angeweka familia nne kule nyuma. Nne, fundi. Nani angeishi hapa mbele?"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Naye akacheka, mkono mdomoni, kisha kicheko kikageuka, akakaa kwenye ngazi akalia kama ambavyo hakuwa amelia tangu mazishi. Nilisimama pale na kiti mkononi. Alipomaliza akafuta uso kwa upindo wa kitambaa.

"Na Nsiah alimpenda mno dada yake," akasema. "Angelalaje kaburini, dada yake yuko chumba cha mbuzi?"

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, Boahemaa alinitumia mtu niende haraka. Nilibeba mwiko na kopo la lami, nikijua bati limevuja na lawama ni zangu. Nilimkuta amesimama mlangoni kwake na kitambaa chake cha thamani, kile cha sikukuu. Mkononi mwake alikuwa na chupa ya kijani ya kona nne. Chini, kwenye kizingiti, kulikuwa na sinia la mayai.

"Beba mayai," akasema.

"Tunakwenda wapi?"

"Acha maswali, Dwomoh. Mtu hajisemei mwenyewe, lazima awe na wa kumsemea. Nimekosa mwingine."

"Nami niseme nini?"

"Unajua."

"Sijui mpaka uniambie."

Alinitazama kwa chuki ya kweli. "Useme nimekuja kushukuru kwa nyumba."

Tukakatiza ua. Hapakuwa mbali, hatua ishirini na tano, nilizipima mimi mwenyewe mwaka sitini na tisa. Alitembea polepole, na tulipofika kwenye shimo la choo alilizunguka, ingawa zege lile lingebeba lori. Nikabisha hodi. Frema alifungua akiwa na unga mikononi.

"Mama Akyaa," nikasema, "nimemleta Boahemaa. Amekuja kushukuru kwa nyumba."

Frema aliiangalia chupa. Alijua kama nilivyojua mimi maana yake: anayepokea shukrani ndiye aliyetoa. Zawadi ya nyumba ya nyuma haikuwa tena ya Nsiah peke yake, ilikuwa ya Frema pia. Frema angeweza kusema hapana, si mimi, mshukuru marehemu, na ingekuwa ni adabu tu. Alipangusa unga, akapokea chupa kwa mikono miwili.

Bilauri ilikuwa moja. Alinimiminia mimi kwanza, nikanywa, asubuhi ile na tumbo tupu. Akanywa yeye kidogo. Kisha akampa Boahemaa, naye akainywa yote, akafuta mdomo kwa kiganja, akairudisha mbele.

Frema akaijaza tena.

"Safari hii usisahau, wifi," akasema.

Boahemaa aliishika bilauri bila kuinywa. Alisema neno moja, la chini sana, ambalo halikuhitaji msemaji, kisha akanywa haraka na kusema kwamba jikoni kwake kuna supu ya karanga iko motoni, watoto waje kula kabla ya shule, na fundi naye kama hana pa kwenda.

Nilimuuliza kama hiyo ni shukrani au ni supu.

"Dwomoh," akasema, "wewe kula."